Maneno Yaliyobaki Chini

Kazungu alikuwa na ugonjwa wa watengeneza tovuti: hawezi kuona kitu kisichopendeza macho akakiacha kilivyo. Ofisini kwao Malindi, juu ya duka la vitambaa, angekaa nusu siku akisogeza picha hivi na kuirudisha vile, kisha asubuhi akaanza upya, na mshahara ni ule ule. Na katika vyote alivyovichukia, hakuna alichokichukia kama skrolba, kile kipande cha kijivu kinachokaa pembeni mwa ukurasa, unachokishika kwa kipanya ukateremsha maandishi. Kinene, kizito, hakilingani na rangi yoyote. Yeye alikiita mkia.

Wakati huo alikuwa anamalizia tovuti ya hospitali moja ya wafadhili huko Kilifi. Kulikuwa na kambi ya macho inakuja, madaktari wa watoto kutoka ng'ambo, wiki moja tu, matibabu bure. Maagizo kwa wazazi Kazungu aliyatia ndani ya kadi moja, kisanduku katikati ya ukurasa, cha rangi ya maji ya bahari, pembe zake za mviringo. Maneno yalikuwa marefu kuliko kadi, na kwa hiyo mkia ukajitokeza pembeni. Akauandikia amri moja fupi, ukapotea.

Fahima, aliyekuwa akifanya kazi meza ya pili, aligeuza shingo. Huyu alikuwa mtoto wa mji, mtu wa maneno machache, na yakitoka yametoka.

"Umekipeleka wapi kile kipande?"

"Nimekificha. Maandishi bado yanashuka, ila chenyewe hakionekani."

"Sasa mtu atajuaje kama chini kuna maneno?"

"Watu wa leo wanajua kuteremsha, Fahima."

"Watu gani? Wewe wawajua watu wa ofisini. Kile kijivu, kibaya kama kilivyo, mtu amekizoea. Kila tovuti aendayo hukikuta. Chamwambia kuna kilichosalia, tena chamwambia kimesalia kiasi gani. Kipake rangi kama wataka, kipambe, lakini usikifiche. Hata si chako, ni cha yule asomaye."

"Yaani niharibu kadi nzima kwa ajili ya mkia?"

"Haya. Kazi ni yako." Akarudi kwenye mambo yake.

Wafadhili waliipenda tovuti, na waliipenda zaidi ile kadi. Hospitali nayo ikapumua, maana zamani wauguzi walikuwa wakiwapigia wazazi simu mmoja mmoja. Sasa aliyeuliza aliambiwa atazame kwenye tovuti. Kazungu akatembea wiki ile kifua mbele.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuifurahia kambi hiyo. Dada yake Sidi, aliyeolewa Vitengeni, alikuwa na mwana mmoja tu, Pola, na Pola alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto daktari alishalikatia tamaa. La kulia alisema lipasuliwe mwaka huu huu, kwa sababu jicho la mtoto mdogo lisilotumika husahau kazi yake, na likishasahau, hata ulifungue namna gani, halitazami tena. Kazungu alihangaika mwenyewe mpaka akampatia Pola nafasi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kambi, lakini nafasi ni nafasi.

Sidi akampigia kwa simu yake ya kabambe, ile ya vitufe isiyo na intaneti. "Kazungu, nimtengeneze vipi huyu mtoto kabla ya kuja?"

Kazungu angeweza kumsomea pale pale. Maneno alikuwa nayo mbele yake, ingawa kusema kweli hakuwahi kuyasoma. Aliyabandika tu na kutazama yanavyokaa. Lakini alitaka dada yake aione kazi yake. Hapo ndipo palipoharibika, na mimi simsamehe kwa urahisi.

"Nenda saiba hapo sentani, dada, kwenye kompyuta za kukodi, wakufungulie tovuti. Yote yapo. Usome mpaka mwisho. Na uitazame vizuri, ile ni kazi ya mkono wangu."

Sidi akavaa leso safi akaenda. Mwenye saiba akamfungulia, akamwachia kipanya ambacho kigurudumu chake kilikufa siku nyingi. Alisoma akitikisa midomo: mje mapema, mje na kadi ya kliniki, mtoto aoge, avae nguo safi za kulegea, aje na mzazi mmoja tu. Pale pale pakawa na nukta, chini ya nukta nafasi kidogo, kisha ukingo wa kadi. Mtu yeyote angesema maneno yameisha. Akarudia tena ayashike kichwani, akalipa, akaenda zake. Njiani alimwambia kila aliyekutana naye kwamba mdogo wake ndiye aliyeitengeneza.

Siku yenyewe mavyaa wake aliamka kabla yake, akachemsha mihogo akaiunga kwa nazi. Katika boma lile hakuna aliyewahi kutolewa safarini na tumbo tupu, sembuse mtoto anayekwenda kutiwa kisu na watu wasiomjua. Kumtoa mtu na njaa ni kumfanyia kama humtaki arudi. Bibi alimlisha mjukuu kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, na Sidi akamwongezea chai. Pola alikula mpaka akacheua, wote wawili wakafurahi.

Kazungu aliwapokea langoni mwa hospitali. Pola amepakwa mafuta anang'aa, shati limemzidi. Muuguzi akaandika jina, akauliza kama ada, "Leo amekula nini?"

"Ameshiba, sista," Sidi akasema kwa fahari.

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akaeleza polepole, bila ukali, kwamba mtoto anayepewa nusu kaputi hatakiwi kuwa na kitu tumboni, hata maji, maana hutapika usingizini na matapishi yakamkaba roho. Kwamba madaktari wanamaliza adhuhuri na jioni wanapanda ndege.

"Tutangoja," Sidi akasema. "Tutakaa hapa hapa mpaka chakula kishuke."

Muuguzi aliingia ndani kuwaombea, na alikaa huko muda wa kutosha kuonyesha kwamba aliomba kweli. Alipotoka alikuwa akitikisa kichwa. Nafasi amepewa mtoto mwingine. Warudi mwakani, Mungu akipenda.

"Sijui safari hii mna nini nyinyi wazazi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka tu. "Nyinyi si wa kwanza, wiki nzima naletewa watoto walioshiba. Na maagizo yamo kwenye tovuti, tumeandika wazi."

Kazungu akatoa simu yake, akafungua ukurasa. Kadi ikaja, ya rangi ya maji ya bahari. Mzazi mmoja tu, nukta. Ilikuwa nzuri kweli. Akaigusa kwa kidole akaivuta juu, na mstari uliokuwa umefichika chini ukapanda: mtoto asile wala asinywe chochote tangu usiku wa kuamkia siku ya upasuaji, la sivyo hatahudumiwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Sidi alikuwa amepiga magoti kando yake akimfunga Pola vifungo, na Kazungu akaifunga simu akaitia mfukoni.

Kesho yake alirudisha ule mkia, mnene na wa kijivu kama ulivyoumbwa, na mstari wa chakula akaupandisha juu kabisa kwa rangi nyekundu. Fahima alimwona akifanya hivyo. Lakini kambi ilikuwa imekwisha, na siku hiyo hiyo hospitali ikaagiza ukurasa uondolewe, kwa hiyo marekebisho yake hayakusomwa na mtu. Ile kadi bosi alisema isitupwe, wateja wengine wawili wameiona na wanaitaka, vile vile ilivyokuwa mwanzo, bila mkia. Kazungu akaeleza, akaeleza tena. Bosi akamsikiliza kwa heshima, kisha akampa kazi hiyo mtu mwingine. Mombasa nako alikwenda kuuliza upasuaji wa Pola kwenye hospitali ya kulipia, akaambiwa bei, akashukuru, akatoka.

Mwisho akaona heri amwambie dada yake ukweli. Akachukua laptopu akaenda Vitengeni.

Alikuta nyumba imepoa. Mwaro, mumewe Sidi, alikuwa kwenye kazi ya chumvi huko Magarini, na alikuwa amempigia mamake simu akamwambia, kwa ile mihogo aliyomlisha mtoto, maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Tangu hapo bibi hakumgusa Pola. Chakula alikuwa akikitenga, anaondoka, mwingine amlishe. Pola alikuwa akimtafuta kwa kupapasa ukuta, na bibi akimwona anakuja huhama upande wa pili. Sidi naye hakumlaumu kwa mdomo, lakini kunyamaza kwake kulitosha.

Kazungu akawaamkia, akaketi karibu na dada yake, akafungua laptopu. Nakala ya ukurasa wa kwanza alikuwa nayo.

"Dada, si kosa la mama. Wala si lako. Maneno ya kutokula yalikuwapo. Mimi niliyaficha."

"Uliyaficha vipi?"

"Kulikuwa na kipande hapa pembeni cha kukuonyesha kwamba kuna maneno chini. Nikakiondoa, kwa kuwa hakikunipendeza. Tazama." Akavuta kadi, na mstari ukapanda.

Sidi akausoma akitikisa midomo, akausoma tena. Kazungu akaanza kutamani atukanwe.

"Kumbe kulikuwa kunavutwa," akasema.

"Ndiyo, lakini hukuwa na njia ya kujua. Ni mimi, Sidi. Unanielewa? Ni mimi niliyefanya."

Sidi alikuwa ameshasimama. Alielekea nyuma ya nyumba, kwenye kivuli alikokuwa mavyaa wake amejibanza na ungo. Kazungu alimsikia kila neno.

"Mama, nisamehe. Si wewe. Maneno yalikuwako chini, mimi ndiye sikujua kuyavuta. Nilaumuni mimi. Mwaro nitampigia leo nimwambie ni mimi."

Bibi akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kazungu aliwafuata akataka kusema tena, akasema, na wote wawili wakamtazama kwa upole, wakaona ni ndugu mwema anayemkingia dada yake. Bibi akamshukuru kwa kuja.

Sidi akarudi kwenye laptopu, akapangusa vidole kwenye leso.

"Nifundishe," akasema. "Nisije nikamkosesha tena kitu huyu mtoto kwa ujinga wangu."

Kazungu akamshika mkono, akamwekea vidole viwili mahali pa kuvutia, chini ya herufi. Maneno yakapanda, yakashuka. Sidi akaendelea peke yake, taratibu, mpaka akaona ameshika, kisha akainua uso kumuuliza mdogo wake kama ndivyo.

Akamwambia ndivyo.