Sala Iliyoanzia Wilson

Mativo alikuwa fundi wa viatu vya akala pale Kariokor, na kwa miaka mingi aliulisha mtaa wa Kaloleni hadithi moja: kwamba alipata kuruka kwa ndege mpaka Kisumu. Hakuwahi. Njia hiyo aliijua kwa gari la moshi, usiku kucha, mengine akajipigia hesabu.

"Kupanda tu juu ni asubuhi nzima," alikuwa akiwaambia wateja huku akikata tairi. "Ukishafika juu, unavuka. Halafu kuna kuteremka, na mteremko haukimbiliwi. Mimi nilitoka nimenyoa, nikafika na ndevu."

"Baba Mumbua," Chege wa kibanda cha pili alikuwa akimchokoza, "wewe hata kitanda cha juu hujapanda!"

Sasa Wamalwa, aliyekuwa na kazi Kisumu, akamtumia mama yake Nakhumicha tikiti mbili za ndege: moja yake, moja ya mtu wa kumshika mkono. Nakhumicha alikuwa jirani ya Mativo. Nani mwingine aliijua njia?

"Nakutegemea, Baba Mumbua," akamwambia. "Lakini ikiwa ulitudanganya, nitakutangaza pale bombani, wanawake wote wakiwa na mitungi."

Chege alicheka hadi akaangusha nyundo.

Mativo aliingia uwanja wa Wilson kama mtu anayehama: chapati, mayai ya kuchemsha, chai, blanketi, na wembe mkononi ili mama auone. Ndege ikanguruma, ikaacha ardhi. Akachungulia. Mabati ya Nairobi yalikuwa kokoto. Asubuhi yake nzima ya kupanda iliisha kabla hajakohoa, na jasho likamtoka.

"Mama Wamalwa, tule," akasema, angalau amtoe mama macho dirishani.

"Hatuli kabla ya kuomba. Tena safarini!"

Akafumba macho, akaomba kama waombavyo kwao, jina lolote lisiachwe. Alianza na rubani, akaenda kwa Wamalwa, wajukuu, shangazi wa Bungoma, ng'ombe wa shangazi, na mwizi wa ng'ombe huyo, asamehewe. Mativo alifumbua jicho moja. Bonde la Ufa lilikuwa limeshapita. Majani chai ya Kericho nayo yakapita. Mama akapunguza sauti, kama anayetafuta amina.

"Mchungaji umemsahau," Mativo akanong'ona. "Na marehemu."

Marehemu walikuwa wengi. Ziwa likatokea, magurudumu yakagonga chini mama akiwa kwa mjomba aliyefia vitani Burma. Abiria wakashuka. Mhudumu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Amina." Mama akafumbua macho, akajinyoosha. "Wee! Kisumu ni mbali! Miguu yote imekufa ganzi."

"Si nilisema?" Mativo akafunga chapati.

Aliporudi Kaloleni, Nakhumicha alitoa ushahidi bombani, wanawake wote wakiwa na mitungi. Chege, aliyepita hapo makusudi, hakuridhika.

"Na zile ndevu, mama? Alishuka nazo?"

"Alinyoa huko huko juu," akasema Nakhumicha. "Wembe niliuona kwa macho yangu."