Kutu ya Nyumba ya Togashi

Bi Hisano alikuwa na ulimi usiohitaji kunolewa, na tangu Sayoko aolewe katika nyumba ile ya Kakunodate, ulimi huo haukumpa likizo. Wali umelainika mno. Mlango hausukumwi hivyo. Binti wa muuza visu vya jikoni, atajulia wapi mambo ya nyumba ya samurai? Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi mama mkwe alipomwita chumba cha ndani, Sayoko alijua ana kesi ya kujibu.

Hakukuwa na kesi. Bi Hisano alisukuma mbele yake sanduku refu la mbao.

"Mikono yangu inatetemeka siku hizi," alisema, macho yake yakiwa bustanini. "Kesho Mzee Iwabuchi na wenzake, wale wajuzi wa panga, wanakuja kuziangalia. Zipanguse, uzipake mafuta mapya. Morihiko siwezi kumpa kazi hii. Mwanangu yule hata penseli humkata."

Kisha akachukua maua yake akaenda kaburini kwa marehemu mumewe, na Sayoko akabaki peke yake na panga mbili za ukoo.

Zilikuwa panga pacha, mmoja mrefu na mmoja mfupi, zilizofuliwa na mhunzi mmoja zamani za kale, na wanaume wa Togashi walizivaa pamoja kiunoni kizazi baada ya kizazi. Hata mapambo yake yalikuwa pacha. Kwenye kisahani cha chuma kinachokinga mkono, upanga mrefu ulichorwa bata bukini wakiwa angani. Kisahani cha upanga mfupi kilikuwa na matete na maji tu. Ukiviweka pamoja ndipo unajua bukini wale wanakwenda kutua wapi. Wamarekani walipokuja kukusanya silaha baada ya vita, Bi Hisano alizifukia chini ya mapipa ya miso, kiungo cha soya iliyochachuka, akawapa askari upanga wa jeshi uliotoka kiwandani, tena akawainamia kwa adabu zote.

Kukabidhiwa panga hizo ilikuwa kama kukabidhiwa nyumba yenyewe. Leo, Sayoko alijiambia, hakuna atakachokosoa.

Akagonga kigingi cha mwanzi kinachoshikilia mpini kikatoka, kama alivyowahi kumwona mama mkwe akifanya kwa mbali, akauvuta mpini wa upanga mrefu. Akapangusa mafuta ya zamani kwa karatasi laini, akapaka mapya, na makali yakameta. Lakini pale chini, kwenye shina linalofichwa na mpini, chuma kilikuwa cheusi tii kwa kutu.

Sayoko aliona aibu kana kwamba amemfumania mtu bafuni. Kwao Sanjo, mteja mwenye kisu chenye kutu alikileta amekificha ndani ya kitambaa, na baba yake alikipokea bila kusema neno, kama daktari. Basi hii ndiyo sababu Mama hakuweza kunitazama, aliwaza. Tangu baba mkwe afariki, mikono imemshinda, na kesho wageni wataona. Kwa mara ya kwanza alimhurumia yule mama, na huruma ile ilimpa nguvu. Akaleta majivu, majani makavu ya mpunga na jiwe laini la kunolea. Alisugua hadi mabega yakamuuma. Weusi ukatoka, na jina la mhunzi lililochongwa pale likatoka nao nusu, lakini shina likang'aa kama kijiko kipya.

Alikuwa ameshauinua upanga mfupi aanze nao, Morihiko aliporudi kutoka shuleni alikofundisha. Alisimama mlangoni. Halafu akaketi, kofia bado ikiwa kichwani.

"Umefanya nini?"

"Kulikuwa na kutu. Nimeitoa yote."

"Sayoko, ile kutu ndiyo umri wake." Aliongea polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Shina haliguswi. Mhunzi akishalimaliza, haliguswi tena milele. Watu hufungua mpini ili wauone weusi ule, waone miaka mingapi imepita hapo. Sasa mmoja ni mzee na mwenzake ni kama amezaliwa jana. Hata mtoto wa nyumba hizi anajua."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Sayoko kuliko mengine yote. Morihiko akaliona limeingia, akavua kofia.

"Sikiliza. Tutasema ni Mama. Amezeeka, anasahau. Mzee Iwabuchi ataelewa, na Mama mwenyewe hatakuwa na hakika."

"Mama anazikumbuka punje za wali nilizounguza wiki niliyoolewa."

"Basi atakurudisha kwenu. Namjua mimi. Nitambembeleza, lakini namjua."

Sayoko hakutaka kurudi Sanjo. Alimpenda mwanamume huyu mwenye vidole vya plasta, na aliipenda nyumba hii iliyokuwa haijampenda. Lakini kumvika mwanamke mzima uzembe ambao hakuufanya, yeye aliyezilinda panga zile chini ya pua za askari, hilo hakuliweza. Aliposikia viatu vya mbao vya mama mkwe mlangoni, aliuweka upanga juu ya kitambaa, akapiga magoti, akagusa mkeka kwa paji la uso.

"Mama, ni mimi. Nilidhani ni uchafu."

Bi Hisano alitazama. Uso wake ulisinyaa, na kwa muda alionekana mdogo kuliko kimono chake. Akakaa.

"Kutu hii," alisema, "mama mkwe wangu aliikuta. Na mama mkwe wake pia aliikuta."

"Nitamtumia Mzee Iwabuchi ujumbe asije," alisema Morihiko.

"Atakuja. Atakunywa chai na ataona."

"Tutamwambia nini?"

"Tutamwambia kilichotokea. Aibu haiui, Morihiko. Ingekuwa inaua, zile alama zako za hesabu zingekuzika zamani." Akamgeukia Sayoko. "Inuka. Nani aliwahi kukwambia kwamba shina haliguswi?"

Sayoko alisita. "Hakuna, Mama."

Bi Hisano akalitazama sanduku.

"Mimi niliambiwa siku ya kwanza," alisema, na ulimi wake haukuwa na makali. "Kabla hata sijafungua mizigo. Wewe nimekufundisha kusukuma mlango. Nilikuwa nangoja nione kama unafaa, nikangoja, nikangoja. Na leo nikakutupia sanduku nikaondoka."

Sayoko alikuwa akilia bila sauti.

"Maji yakimwagika hayazoleki. Shika upanga. Hapo, kwenye shina."

Sayoko akafunika mkono kwa ncha ya mkono wa nguo yake.

"Ondoa nguo. Shika kwa kiganja. Kaza."

Alishika. Chuma kilikuwa baridi, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho la hofu. Bi Hisano aliweka mkono wake unaotetemeka juu ya ule wa Sayoko, akaubana usiachie.

"Hivi ndivyo kutu inavyoanza," alisema. "Jasho la mtu wa nyumba. Sisi wengine tulikuta kutu ya wenzetu. Hii itakuwa yako, na watakaokuja wataikuta. Usiipanguse, mwanangu."