Chemba Iliyo Chini ya Nyota

Mimi sijui kunyamaza, na kilima chetu chote hapa Recife kinalijua hilo. Kwa hiyo siku Lindaura, jirani yangu wa juu, alipobisha hodi asubuhi na kuniuliza kwa upole kama chemba yangu ni safi, nilimjibu kabla hajamaliza, "Safi kuliko uso wako." Nilikuwa nasema uongo. Chemba yangu sikuwa nimeiona kwa miaka saba.

Kwetu bomba la maji taka halipiti barabarani. Linapita nyuma, uani. Linatoka kwa Lindaura linakuja kwangu, linatoka kwangu linashuka kwa Genival, ndipo linakutana na bomba kubwa la mtaa. Mwaka lilipoletwa tulikaa vikao vitatu, tukagombana hadi viti vikaanguka, na mwisho kila nyumba ikatia sahihi: kipande kilicho uani kwako ni chako. Jumamosi unafunua chemba yako, lile shimo la kukagulia bomba, unatoa mafuta na nywele, unapitisha fimbo ya kuzibulia. Na hujengi juu yake. Lindaura ndiye tuliyemchagua asimamie, kwa sababu ana subira.

Marehemu mume wangu Abdias alijenga juu yake. Alikuwa fundi wa vigae, na vile vinavyovunjika kwenye kazi za watu alikuwa akivibeba nyumbani. Akavipanga uani, vyekundu, vyeusi na vya manjano, akatengeneza nyota kubwa, na katikati ya nyota ndipo kilipokuwa kifuniko cha chemba. "Hiki kinaharibu sura," alisema. Mimi nikasema, basi kifunike. Ndiyo, ni mimi niliyesema. Mwaka uliofuata akafa, nami nikawa naipiga deki ile nyota kila siku kwa magoti. Kaburi lake liko mbali, na picha yake nzuri sina. Nyota ndiyo niliyobaki nayo.

"Naomba niione tu, Bi Dosa," Lindaura akasema. "Maji yanarudi chooni kwangu. Chemba yangu imejaa mpaka juu, ya Mzee Genival kavu. Katikati yetu ni nani? Jijibu mwenyewe."

"Kapige simu kampuni ya maji walete mashine."

"Kampuni ni ya barabarani. Ya uani ni yetu, na wewe ulitia sahihi. Tena ulinyang'anya kalamu ili uwe wa kwanza."

Nikamfungia mlango. Aibu hiyo ninayo hadi leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha chemba mvua ya Juni humuumbua.

Nilipotoka kwenda kununua unga wa mahindi wa kuskus, nikamkuta mama yake Lindaura, Bi Otacília, amekalishwa kwenye kiti kando ya barabara katika manyunyu, mwavuli begani, miguu imetiwa kwenye mifuko ya plastiki. Ana miaka tisini na moja. Chumba chake kimepakana na kile choo.

"Dosa, mwanangu, umeamkaje?" akaniita. "Mimi leo nimehamia nje. Ndani kumekuwa kubaya. Lakini hewa ya huku ni nzuri."

Unga sikununua tena. Nilishuka kwa Genival kutafuta mtu wa kumlaumu, maana ndivyo nilivyoumbwa. Na Genival nilikuwa na kesi naye ya siku nyingi. Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na kitu kikigonga chini ya ua wangu, ngo, ngo, kutoka upande wake. Nilishamwita mchawi. Siku moja nilimmwagia maji ya vyombo kwa juu ya ukuta. Alijifuta, akaendelea na shughuli zake.

Nikamkuta kibarazani, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi begani. Kumbe alianguka ngazini wiki tatu nyuma, na mimi jirani yake sikujua.

"Umelifanya nini bomba langu?" nikamwuliza.

"Sijalifanya kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe." Akaonyesha kwa kidevu fimbo ndefu ya kuzibulia iliyoegemea ukuta. "Wiki ya tatu hii sijalisukuma."

"Wewe unalisukuma bomba langu?"

"Kutokea kwangu, kwenda juu. Chemba yako si imefukiwa? Abdias alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi kulizibua kutokea chini, asije akaivunja nyota yako. Alipofariki, nikaendelea."

"Jumamosi Abdias alikuwa anakuja kucheza dhumna."

Genival akacheka mpaka akaushika ule mkono mbovu. "Dhumna gani, shemeji? Yule hata kuzishika alikuwa hajui. Alikuwa analala kifudifudi hapo, mkono umezama kwenye mavi, ananiapisha nisikwambie."

Nikakaa chini palepale. Jumamosi za miaka sita mtu huyu ameuinamia uchafu wangu, nami nikamlipa maji ya vyombo. Fadhila ya punda mashuzi, na punda ndiye mimi.

"Kwa nini hukuniambia alipokufa?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa hunipi nafasi."

Nilipanda nyumbani na ile fimbo yake, nikatoa nyundo na tindo ya Abdias, nikamwita Lindaura. Nikamwambia yote tukiwa tumesimama juu ya nyota, nikamwomba radhi. Alitaka apige yeye. Nikakataa. Nilipiga huku nalia, wala sikujificha, na Lindaura akawa anaokota vipande, anavifuta kwa aproni yake, anaviweka kwenye ndoo kimoja kimoja. Kifuniko kilipotokea tukakiinua wawili. Kilichokuwamo sikielezi, ila mafuta mengi yalikuwa ya jikoni kwangu, nayajua. Tukasukuma fimbo kwa zamu hadi mchana, na maji ya kwa Lindaura yakashuka yakikoroma.

Usiku ule Bi Otacília alilala kitandani kwangu. Kabla ya kulala alikula kuskus na mayai, akaniambia nimetia siagi kidogo.

Nyota sasa ina kifuniko cha zege katikati, kina pete ya chuma ya kukiinulia. Ni kibaya kweli. Vipande vya Abdias viko kwenye ndoo, na kifuniko sikukifunika tena kwa vigae, ili nikione kila ninapopiga deki.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema, nikakifunua, nikalala kifudifudi juu ya vigae vya mume wangu, nikaisukuma fimbo kuelekea chini. Nilipitisha kipande changu na cha Genival pia, maana mkono wake hautapona kabla ya Agosti. Fimbo ikafika kwake, ikagonga chemba yake, ngo, ngo.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Mchawi wewe, watu tumelala."

"Asante, Genival," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane sikuongeza neno.