Mkwe Nyuma ya Pazia

Utafiti wetu ni rahisi kuueleza, kazi iko kwenye kuufanya. Wanawake wenye virusi vya UKIMWI hupata saratani ya mlango wa kizazi upesi kuliko wenzao. Basi tunawapa kijiti cha pamba, wanajipima wenyewe nyumbani, na tukikuta pameanza kuharibika tunapachoma kabla hapajawa saratani. Dakika chache tu, haya, nenda ukapike. Tangu Sista Ajwang' aende likizo ya uzazi, mchomaji ni mimi.

Mimi huona namba, majina siyaoni. Namba moja ya hapa Homa Bay ilinitoa jasho tangu masika. Majibu mabaya, simu hapokei, na kila Mama Ogweno, mhudumu wetu wa vijijini, akipiga hodi, anaambiwa mwenyewe kaenda sokoni.

"Mtu anakimbia kupona?" nilifoka. "Huyo mama ana kichwa kigumu jamani!"

"Niachie mimi, Daktari," akasema Mama Ogweno.

Kesho yake alimleta. Alimdanganya kwamba nimekwenda Nairobi.

Nilivaa glavu, nikavuta pazia. Aliyelala kitandani ni mama mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu Akeyo.

"Uwi!" Alivuta leso mpaka usoni. Mimi niligeuka nikautazama ukuta. Kwetu Waluo hata meza moja siketi na mama mkwe, seuze haya.

"Mama," nikasema huku nimempa mgongo, "kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Umefurahi sasa?"

"Ulikuwa unanikimbia mimi?"

"Ningemkimbia nani mwingine? Nilijiandikisha kwa jina la kwetu, nikijua wachomaji humu ni wanawake tu. Ndipo nikasikia mchomaji ni Daktari Odoyo. Nikasema, kufa na nife, lakini huko sirudi."

Mama Ogweno akaingilia kati. "Mama, leo huyu si mkwe. Ni daktari."

"Daktari gani! Ng'ombe zake za mahari ziko bomani kwangu. Akishaniona hivi, hizo ng'ombe nitazikamua kwa uso gani?"

Mama Ogweno aliangua kicheko. Mimi nilitamani kulia.

Nikampigia Sista Ajwang'. Alikuja na pikipiki, kichanga mgongoni, akanikabidhi mtoto akaingia yeye. Nilikaa barazani nimempakata, nikiomba Mungu. Mtoto alinikojolea koti wala sikujali.

Sista alipotoka hakunitazama. "Hapachomeki tena, Daktari. Pameshapita kiwango chetu. Aende Kisumu akapasuliwe, na upesi. Angekuja masika ile..." Hakumalizia.

Nilirudi, nikasimama upande wangu wa pazia. Nilimweleza yote, sikumficha kitu.

"Mama, Kisumu unahitaji mtu wa kukupeleka na kukuuguza. Niruhusu nimwambie Akeyo."

"Thubutu! Wanangu hawajui kama nameza dawa. Nazificha kwenye kopo la kakao. Baba yao walimzika wakijua ni malaria. Ukifungua huo mdomo, mimi sina mkwe."

"Na usipoenda?"

"Nitaenda nikiwa tayari."

"Ugonjwa hausubiri uwe tayari, Mama!"

"Usinipigie kelele. Mimi ni mkweo."

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Hata kisogo chake sikukiona.

Jioni Akeyo aliniwekea ugali na omena, akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Jana nilikuwa kwa mama," akasema. "Amekonda, nguo zinamvuka. Nikimuuliza, ananifukuza jikoni. Wewe unazunguka kaunti nzima ukipima mama za watu. Mama yangu amekukosea nini hata usimwite naye apimwe?"

Jibu nilikuwa nalo. Siri ya mgonjwa haitoki kwangu bila yeye kukubali, na yeye amekataa.

"Mama yako nitamtumia mtu," nikasema.

"Lini?"

"Karibuni."

"Kila siku karibuni! Mama akifa, Odoyo, nitakukumbusha hilo neno."

Nilimeza tonge bila kutafuna. Mke wangu alinikazia macho akingoja, na hapa sikuwa na ukuta wa kugeukia.