Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

...na mwenye nyumba ni mimi, kwa hiyo safari hii si mke wangu wala jirani, ni mimi ninayetakiwa kuonja kabla ya wageni ili wajue hamna sumu, ndiyo desturi yetu hapa Mapera, na kibuyu kimeshafika mkononi, komoni, pombe yetu ya mahindi, imejaa hadi ukingoni, povu la kijivu, pumba zinaelea kama takataka za mtaroni baada ya mvua, na harufu hii, hii hii, ya baba yangu Urbani akirudi kutoka kilabuni, mimi wa darasa la tatu namfuta matapishi kidevuni kwa jani la mgomba, "mwanangu mzuri," anasema, anacheka, anatapika tena... "Mwalimu, onja basi," anasema Mzee Othmar, mshenga aliyepanda milima kutoka Lundo, huko ziwani, kuja kumposea mpwa wake binti yangu Lidia, "au umetutilia kitu?" wanacheka, nami nacheka, meno tu, maana sasa hivi ameniuliza swali la washenga, katika ukoo wenu kuna ugonjwa gani, kifafa, ukoma, ulevi, nikajibu hakuna, mimi, miaka ishirini na sita nawafundisha watoto wa watu kusema kweli, na mdogo wangu Ildefonsi nimempeleka kijiji cha Ukata tangu juzi wageni wasimwone, Ildefonsi anayenuka gongo hata akitoka kuoga, ambaye mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kutufuata hadi mlangoni aliwauzia mavuno yote, akanywa wiki nzima, akakutwa amelala kifudifudi ndani ya ngolo, shimo la kuzuia maji shambani mteremkoni, katikati ya mahindi, kama baba alivyokutwa, ila yeye alikuwa bado anapumua, na nilipomgeuza kinyaa kilinipanda nikatamani asingepumua... Mungu nisamehe... mganga wa zahanati aliniambia, mwalimu, kitu hiki hutembea kwenye damu, si kila mtoto hukipata, lakini hutembea, nikamkatalia, nikasema uvivu wa moyo tu huo, mbona mimi sijagusa hata tone, damu yetu si ile ile, tumbo tulilotoka si lile lile?... "Baba, wageni wanangoja," ananong'ona Lidia, amepiga magoti mbele yangu, yeye ndiye aliyeipika, na povu limenigusa pua, na mate, yametoka wapi, mate yamejaa mdomoni, ulimi unasogea wenyewe kama ndama aliyemsikia mama yake, sijawahi kuonja, sasa mwili umejuaje, nani aliufundisha, kinyaa, nauonea kinyaa mdomo wangu mwenyewe, nageuza uso nisiione komoni na macho yanamwangukia Lidia, analamba povu lililommwagikia kidoleni, polepole, amefumba macho kama anayesali, kisha anakilamba tena kidole kilichokwisha kauka... "Anaona uchungu kumtoa binti," anasema mmoja wao kwa huruma, nameza mate, Ildefonsi alionja na mimi niliogopa, tofauti yetu ni hiyo tu, niliita woga wangu uadilifu, na huyu mtoto hakuna aliyempa hata woga, nilidhani kumficha baba yake mdogo kunatosha, Mzee Othmar amenyoosha mkono apokee, kibuyu bado kimejaa, wakitaka na waondoke, wateremke hadi ziwani bila mke, lakini Lidia atasikia leo, mbele yao, kutoka kinywa hiki hiki kinachotokwa na mate, kwamba babu yake hakufa kwa malaria.