Sare Namba Kumi na Saba

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi, nami nikashtuka kana kwamba mtu amegonga mlango. Alfajiri, bado giza. Kitandani binti yangu aligeuka, akavuta shuka hadi puani.

Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi sare za askari wa darajani. Kila mchana wananiletea sita za zamu ya kesho, kila moja na namba yake kwenye kola, kwa uzi mwekundu. Wasichojua ni kwamba namba hizo humfikia pia fundi saa wa sokoni, kiongozi wetu wa harakati. Leo saa kumi na mbili kamili asubuhi, zamu zikipokezana, yeye na wenzetu wanalichukua daraja.

Nilikubali kwa moyo mweupe. Mama yetu alifia ng'ambo ya mto, na kizuizi cha daraja hilo kikatunyima hata kumzika, mimi na mdogo wangu. Nimemwahidi binti yangu kwamba atavuka kwa miguu yake kuliona kaburi la bibi, asiulizwe karatasi na mtu. Mdogo wangu yeye alikosa kazi mpaka akachoka, akaajiriwa pale pale kwenye kizuizi.

Jana sikuzisoma namba. Nilijiambia, za nini tena? Sasa sare ya sita ilikuwa mbele yangu: kumi na saba. Ya mdogo wangu. Na zamu yake si leo, ni kesho!

Fundi saa alikuwa ameshaingia porini. Hakuna wa kumfuata. Nikimwambia mdogo wangu, atamwambia mkuu wake, na wenzangu watapokewa kwa risasi. Nisipomwambia... Niliilaza pasi kifuani mwa shati, nikaiacha. Moshi ukapanda. Zile tano zilikuwa mezani, zimekunjwa vizuri, na wenyewe nao wana dada zao. Nikazipa mgongo.

"Hodi, bibi pasi!" Mdogo wangu aliingia na mfuko wake. "Leo naingia mimi. Mke wa mwenzangu kajifungua mapacha, jamaa hajalala siku mbili."

Nikamwonyesha shati.

"Aa, dada! Miaka mitatu hujachoma hata kifungo, leo umeamua kuanza na ndugu yako?"

"Nilisinzia. Rudi ukalale. Waambie huna sare."

"Mkuu atanimeza na buti zangu."

"Akumeze kesho."

Akacheka, akalivaa hivyo hivyo. Tundu lilikuwa pana kama kiganja. "Limepata dirisha. Nitavaa koti juu, nani atanifunua?"

"Kunywa chai kwanza."

"Nikirudi."

"Basi kaa kidogo na mpwa wako."

"Mpwa wangu amelala. Mbona umeing'ang'ania hiyo pasi?"

"Baridi."

"Baridi, na chumba kizima joto la mkaa? Dada, una nini leo?"

Nilifungua mdomo. Kichwani nikamwona fundi saa amelala kifudifudi darajani. Nikamwona huyu naye, amelala vivyo hivyo na koti lake. Nikainama, nikapuliza mkaa wa pasi. Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akapanga sare zile tano mfukoni, akashika komeo la mlango.

Binti yangu alikuwa ameketi kitandani, hana usingizi hata chembe.

"Mjomba," akasema, "mama amelichoma shati lako makusudi."