Koti la Bibi Harusi

Mimi Genowefa, Gienia kwa shoga yangu Kazia, sina dogo, na hilo yeye analijua tangu tulipolala ubao mmoja kambini, tukigawana blanketi na chawa. Yeye ndiye mpole. Akikata mkate, kipande kikubwa lazima kiwe changu, na nikikataa ananinunia mpaka jioni. Nampenda, basi! Mnataka niseme nini?

Sasa sikieni. Miaka thelathini baada ya vita tulipanda treni kutoka mjini kwetu Radom mpaka Ujerumani, kwenda kutoa ushahidi. Walioshtakiwa walikuwa wanawake waliokuwa askari wa kambi ile enzi za Manazi. Mmoja wao tulimbandika jina la Bibi Harusi, maana alinukia marashi na sisi tukinuka moshi. Kila alfajiri ya kuhesabiwa, kabla hajaanza kupiga watu, alivua koti lake akalinyoosha nyuma bila kugeuka. Kulipokea ilikuwa kazi ya Kazia. Siku moja aliyepigwa alikuwa Stefka, mdogo wake Kazia, na Stefka hakuinuka tena.

"Ningemshika," Kazia huniambia kila mwaka, "ila mikono ilikuwa na koti."

Kwa ajili ya Stefka alikubali kuja. Lakini mahakamani alipoambiwa aonyeshe Bibi Harusi ni yupi, aliona safu ya akina mama wa makamo wenye mikoba na nywele za saluni. Akakodoa macho wee, hakumjua. Wakili wao akatabasamu.

"Pengine mama uliota tu?"

Mtu mzima mzima, hana haya! Hakimu akasema tupumzike, kisha Kazia ajaribu mara ya mwisho.

Tukakaa ukumbini, na washtakiwa, kwa vile walikuwa nje kwa dhamana, wakanywa kahawa humo humo. Kazia akaanza kulia.

"Gienia, nimemsahau. Stefka atanionaje?"

"Kula yai."

"We! Yai saa hizi?"

"Kula, shoga yangu, ujikaze. Nimelibeba tangu Radom, usinitie hasara."

Akacheka huku analia, akauma yai.

Hapo akaingia mama mmoja wa ile safu kutoka kwenye mvua, anaongea na wakili yule yule. Akavua koti, akalinyoosha nyuma bila kugeuka. Sijui alidhani nani yuko nyuma yake. Kazia wangu, yai bado mdomoni, alisimama akalipokea. Akalikunja juu ya mkono, akainamisha macho, akatulia tuli.

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumrukia yule mama na nywele zake, lakini Kazia aliniwahi.

"Ni yeye," alisema. "Macho yalimsahau. Mikono haikumsahau."

Yule mama akageuka. Akamtazama Kazia, na rangi ikamtoka.

"Nipe koti langu," akasema yule mama.

Kazia alifungua mikono. Koti likaanguka kwenye sakafu iliyolowa.

"Liokote mwenyewe."

Ee Mungu wangu, Kazia huyu huyu ambaye humwomba radhi paka akimkanyaga! Nililia bila aibu, mbele ya Wajerumani wote na vikombe vyao.

Karani akatoka kutuita. Kazia akanigeukia, viganja wazi, vimebaki na chembe za yai tu.

"Sasa mikono mitupu, Gienia," akasema. "Nishike."

Nikamshika, tukaingia.